Usalama wa Nani? Kiswahili, Ngeli na Umeme wa Ndege

Mijadala kuhusu Kiswahili na teknolojia humu nchini ina mazoea ya kuanzia na kukomea kwenye orodha ya majina. Msemaji husimama ukumbini akadai kwamba lugha hii haina istilahi za kutosha. Mwingine humjibu kwa kutaja rununu, tarakilishi, kipakatalishi na kikokotoo. Ukumbi hupiga makofi na watu huenda kunywa chai. Wenzetu wa Tanzania huandika kompyuta bila haya, na ugomvi wa tarakilishi na kompyuta umekwisha kula karatasi nyingi kuliko ulivyostahili. Ilhali tatizo lenyewe limo kwingine. Limo katika sentensi, hususan katika aina moja ya sentensi ambayo wanafunzi wa Kiswahili hawajazoea kuitazama: ile inayokiambia chombo nini kitende na nini kisitende, wakati uhai wa watu umetundikwa kwenye maana yake.

Uwanja unaoonyesha jambo hili waziwazi zaidi ni ule wa maunzi ya elektroniki yanayodhibiti umeme katika ndege. Huenda msomaji akauliza ndege na Nakuru vina uhusiano gani. Vina uhusiano mkubwa, na utaelezwa. Kwanza itazamwe kadhia ya mwaka 2015.

Mwaka huo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu ndege aina ya Boeing 787, ile iitwayo Dreamliner, ambayo shirika la Kenya Airways lilikuwa limeanza kuimiliki Aprili 2014. Ndege hii hutegemea umeme kuliko nyingi zilizoitangulia. Hewa ya kupumulia abiria, ambayo ndege nyingine huichota kutoka kwenye injini, katika 787 husukumwa kwa mashine za umeme. Ina jenereta sita: mbili kwenye kila injini, na mbili nyingine mkiani. Kwa jumla zaweza kutoa kVA 1,450, takriban sehemu ya kumi ya kile kilichotolewa na mtambo wa kwanza wa Olkaria ulipowashwa mwaka 1981 ukiwa na megawati 15. Kila jenereta ina kidhibiti chake, yaani kisanduku cha elektroniki kinachopima volteji, kinachoirekebisha ikipanda au ikishuka, na kinachoitenga jenereta ikiwa mambo yameharibika. Fundi yeyote wa umeme wa magari pale Nakuru anamfahamu ndugu mdogo wa kisanduku hiki. Yumo katika kila matatu, naye ndiye huizuia betri isichemke.

Agizo la FAA lilisema hivi: endapo vidhibiti vinne vya jenereta za injini vimewashwa kwa wakati mmoja, navyo vikaendelea kupata umeme kwa siku 248 bila kuzimwa, vyote vinne vitaingia kwa pamoja katika hali ya kujikinga, na ndege itapoteza umeme wote wa mkondo geu, iwe ardhini au angani. Chanzo kilikuwa kihesabu kilichomo ndani ya programu ya vidhibiti, ambacho hufurika. Waliokokotoa waliona kwamba namba kubwa kabisa inayoweza kuhifadhiwa katika nafasi ya biti 32 zenye alama, 2,147,483,647, ikihesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, hutimia baada ya siku 248 na nusu hivi. Tiba ya muda ilikuwa ya kinyumbani kabisa: kuizima ndege na kuiwasha tena kabla ya muda huo kutimia.

Mhandisi husoma kisa hiki akaona kihesabu. Mwanafunzi wa lugha yampasa aone neno. Hali ambayo vidhibiti viliingia iliitwa hali ya usalama. Kila kisanduku, kilipoona hesabu zake zimevurugika, kingefanya kile kilichoagizwa: kujitenga kisije kikaunguza waya. Kwa upande wa kisanduku, hiyo ni salama. Kwa upande wa abiria mia mbili na zaidi walio juu ya Bahari ya Hindi usiku, ni giza. Neno salama lilikuwa limeandikwa bila kutajiwa mwenyewe, na vyombo vinne vilikuwa tayari kulitii kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa ajili yake. Wala wingi wao haukuwa kinga. Vyombo vinne vyenye kasoro moja ileile, siku kasoro hiyo inapoamka, ni chombo kimoja.

Hapa ndipo Kiswahili kinapopaswa kujitazama. Katika Kenya, usalama hubeba mizigo miwili bila kulalamika. Maafisa wa usalama ni askari. Mkanda wa usalama ni wa garini. Kujikinga na mtu mwenye nia mbaya na kujikinga na ajali isiyo na nia yoyote ni mambo mawili yenye wataalamu wawili, sheria mbili na vipimo viwili. Uwanjani Jomo Kenyatta, ukaguzi wa mizigo ni jambo la kwanza; kidhibiti cha jenereta ni jambo la pili. Lugha yetu huyaita yote mawili usalama, kisha hushangaa kwa nini waziri akiulizwa kuhusu usalama wa ndege hujibu kwa kutaja polisi.

Wapo watakaodai kwamba huu ndio ushahidi kuwa Kiswahili hakifai kwa kazi hii. La hasha. Kijerumani nacho kina neno moja, Sicherheit, kwa maana zote mbili, na Wajerumani hawajashindwa kuunda ndege wala vidhibiti vyake. Walichofanya ni kukubaliana, hati kwa hati, ni maana ipi inayokusudiwa wapi. Kiingereza nacho, ambacho wengi hukidhania kuwa lugha ya sayansi tangu kuumbwa, kilionekana na watengenezaji wa ndege wa Ulaya kuwa kimejaa utata mno. Katika miaka ya 1980 wakakipunguza, wakatunga Kiingereza kilichobanwa kwa ajili ya vitabu vya mafundi, ambamo neno moja hubeba maana moja. Kitenzi chenye maana ya kufuata, mathalani, kiliruhusiwa kumaanisha kuja nyuma ya kitu tu. Kutii maagizo kukapewa kitenzi chake. Kiswahili kina mtego uo huo katika kitenzi kufuata, na hakuna aliyekaa chini kuutegua.

Mitego mingine ni ya kwetu wenyewe. Redioni, kila chombo kilichoharibika kina hitilafu ya mitambo. Ilhali wahandisi wa usalama hutenganisha hatua tatu, na Kiswahili kimezipa hatua hizo maneno matatu tangu zamani. Ni watumiaji wanaoyachanganya. Mtu hufanya kosa. Kosa hilo huacha kasoro katika kitu. Kasoro hulala, pengine kwa miaka, hadi siku inapoamshwa. Hapo kitu huacha kufanya kazi yake, nayo ni hitilafu. Kihesabu cha siku 248 kilikuwa kosa la mtu mezani, kikawa kasoro kisandukuni, na hakikuwahi kuruhusiwa kuwa hitilafu angani. Tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima na jenereta katika uwanja wa Jomo Kenyatta ikakataa kuwaka, wananchi waliona hitilafu. Jambo la kuulizwa ni kasoro ililala humo tangu lini, na hilo haliwezi kuulizwa vizuri na mtu mwenye neno moja kwa mambo matatu.

Ugumu huongezeka inapofikiwa kazi ya kuupima ubora wa chombo chenyewe. Mwongozo unaotumika duniani kwa maunzi ya elektroniki ya ndege hujulikana kwa jina DO-254, nao ulitolewa mwaka 2000. Haumfundishi mtu kuchomelea waya. Humtaka aandike kila sharti la chombo kwa sentensi inayopimika, aonyeshe ni sehemu gani ya saketi inayolitimiza sharti hilo na ni jaribio gani lililolihakiki, kisha afuatilie kamba hiyo kutoka sentensi hadi waya na kutoka waya hadi sentensi bila kukatika. Vyombo huwekwa katika madaraja matano kulingana na madhara ya kuharibika kwake, kuanzia maangamizi hadi kutokuwepo madhara. Jambo la kuleta maangamizi hutakiwa lisitarajiwe kutokea zaidi ya mara moja katika saa bilioni moja za kuruka. Katika madaraja ya juu, anayehakiki hatakiwi kuwa yule aliyesanifu.

Sasa na ajaribu mtu kuyasema haya kwa Kiswahili cha ofisini. Kuchunguza kama chombo kimefuata sharti lililoandikwa: uthibitishaji. Kuchunguza kama sharti lenyewe lilikuwa sahihi, yaani kama lilikuwa linaomba kitu kinachohitajika angani: uthibitishaji. Mamlaka kutia sahihi kwamba chombo kiruke: uthibitishaji. Kadhia ya siku 248 yaonyesha kwamba vitendo hivi si kimoja. Chombo kinaweza kulitimiza sharti barabara na sharti lenyewe likawa bovu. Pendekezo la kufaa ni kwamba cha kwanza kiitwe uhakiki, cha pili kibakie na jina la uthibitishaji, na cha tatu kiitwe uidhinishaji, neno ambalo tayari lina harufu ya muhuri. Uhakiki nao si mgeni katika idara za Kiswahili. Ni neno ambalo kila mwanafunzi amelitumia kuhusu riwaya, na kwa maana inayokaribiana: kulishika andiko kwa kile linachodai lenyewe. (Kwamba baadhi ya tahakiki za madarasani hazimshiki mtu kwa lolote ni habari nyingine.)

Gharama ya kuyapanga madaraja kwa uzembe inafahamika vyema katika Afrika Mashariki. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi kutoka Addis Ababa ilianguka na kuwaua watu wote 157, wakiwemo Wakenya 32. Mfumo ulioisukuma pua ya ndege hiyo chini haukuwa wa umeme bali wa uendeshaji, lakini somo ni moja. Wakati wa usanifu, kuharibika kwa mfumo huo katika safari ya kawaida kuliwekwa kwenye daraja la katikati, wala si la maangamizi; na mfumo wenyewe haukuelezwa katika vitabu walivyopewa marubani. Neno moja katika jedwali lilikuwa limechaguliwa hafifu, na neno jingine halikuwekwa kabisa mahali lilipostahili kusomwa.

Hadi hapa Kiswahili kimeonekana kama mdaiwa. Lakini lipo eneo moja ambamo ndicho mdai, nalo ni ngeli. Hati za masharti za Kiingereza husumbuliwa sana na kiwakilishi kimoja kinachorejelea kila kitu kisicho mtu. Sentensi ikitaja kisanduku, mkondo na jenereta, kisha ikaamuru kwamba hicho kizimwe, msomaji hubaki kukisia ni kipi. Tazama Kiswahili: "Kidhibiti kikigundua kuwa mkondo wa jenereta umezidi na haujashuka, izimwe." Kinachozimwa ni jenereta, hakiwezi kuwa kitu kingine. Ikiandikwa kizimwe, ni kidhibiti. Ikiandikwa ukatwe, ni mkondo. Silabi moja imefanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa kurudia nomino nzima. Wanafunzi wanaokariri ngeli ili wapite mtihani hawaambiwi kwamba wameshika kifaa cha usalama.

Kifaa hiki hata hivyo hupoteza makali kwa njia ambayo watetezi wa ukopaji hawajaitia maanani. Maneno ya mkopo yanayoingia kutoka Kiingereza hurundikana katika ngeli ya I-ZI: injini, betri, jenereta, swichi, volteji, saketi, fyuzi, shoti. Basi isomwe tena: "Swichi ikigundua kuwa volteji ya jenereta imezidi na haijashuka, izimwe." Nini kizimwe? Swichi, volteji na jenereta zote hujibu labeka. Utata ambao ngeli zilikuwa zimeufukuza mlangoni umerudi kwa dirishani, na umeletwa na ukopaji. Hii ni sababu ya kubuni maneno ambayo haihusiani na uzalendo wala kuona haya kwa kukopa. Mkondo na kidhibiti huingia katika ngeli tofauti, kwa hiyo haviwezi kugongana katika sentensi moja.

Wala wabunaji wasikimbilie kusherehekea. Wao nao wana ugonjwa wao, ule wa kukipa kila chombo kiambishi ki-. Kidhibiti, kizalishi, kihisi, kipima, kikata: atakayeandika sharti kwa vitano hivyo atakuta ngeli ya KI-VI imefurika kama ile ya I-ZI, na "kizimwe" kitakuwa na wenyewe watano. Katika mfano uliotangulia, jenereta ya mkopo ndiyo iliyoiokoa sentensi kwa sababu kidhibiti kilikuwa kimekwisha kuikalia KI-VI. Istilahi za fani moja kwa hiyo hazifai kubuniwa neno moja moja, kila neno likipimwa kwa uzuri wake. Zinafaa kupangwa kama wachezaji uwanjani, wasirundikane upande mmoja. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikuwa kazi kubwa na ya kuheshimiwa. Lakini kamusi hupanga maneno kwa alfabeti, wala alfabeti haimwonyeshi mtu maneno gani yatakutana katika sentensi moja.

Vilevile kuna suala la kuamuru. "Kidhibiti kitakata umeme" ni ahadi, ni utabiri, au ni amri? "Kinapaswa kukata" ni wajibu au ni nasaha? "Inafaa kikate," kama asemavyo Mkenya kila siku, ni amri au ni maoni? Katika hati ya masharti, kitenzi cha kulazimisha hutakiwa kiwe kimoja tu, kisichotumika kwa jambo jingine. Kiswahili kinacho: sharti kikate. Ni kifupi, hakina wakati, na hakimwachii mtu nafasi ya kubembeleza. Kilichobaki ni watu kukubaliana wasikipambe kwa visawe, jambo gumu kwa waandishi waliofunzwa tangu shule ya msingi kwamba kurudia neno ni umaskini wa insha. Katika insha, huenda. Katika hati ya kidhibiti, mwandishi anayebadilisha neno ili kumpendeza msomaji amemwambia mhandisi kwamba kitu nacho kimebadilika.

Pingamizi kubwa linajulikana. Anga huzungumza Kiingereza. Tangu Machi 2008 marubani wa safari za kimataifa na waongozaji wao hupimwa Kiingereza chao kwa viwango vya ICAO. Hakuna mamlaka itakayopokea jalada la uidhinishaji kwa Kiswahili. Na Kenya, kwa vyovyote vile, hununua ndege zilizokwisha kuidhinishwa kwingine. Yote hayo ni kweli, na hakuna anayependekeza jalada la FAA liandikwe kwa lugha ya Shaaban Robert. Lakini jalada ni mwisho wa kazi. Mwanzo wake ni watu wawili wakibishana karibu na meza kuhusu nini kitokee betri ikipata joto, na ubishi huo katika Bonde la Ufa hauendeshwi kwa Kiingereza cha DO-254. Huendeshwa kwa Kiswahili kilichochanganywa na kila kitu, kisha huandikwa kwa Kiingereza, na katika daraja hilo la kati maana huvuja. Betri zenyewe zilikwisha kutoa onyo. Januari 2013, ndege zote za 787 zilizuiwa kuruka baada ya betri za lithiamu kuungua. Ilikuwa imekadiriwa kwamba tukio la moshi lingetokea chini ya mara moja katika saa milioni 10 za kuruka. Yakatokea mawili katika saa zisizofika 100,000. Safari ya kwanza ya abiria baada ya marufuku hiyo ilikuwa ya Ethiopian Airlines, tarehe 27 Aprili 2013, nayo ilitua Nairobi.

Kenya nayo ilitoa kanuni za ndege zisizo na rubani mwaka 2020. Kijana wa Njoro hataunda kidhibiti cha Dreamliner kesho. Aweza kuunda cha droni ya kunyunyizia ngano dawa, chenye betri ya lithiamu ileile, na droni hiyo itapita juu ya vichwa vya watu wanaopalilia.

Njoro si mahali pa kubahatisha katika habari hii. Bwana Maurice Egerton, aliyeanzisha shule ya kilimo hapo mwaka 1939, alikuwa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kabisa kupewa cheti cha urubani, mwaka 1910. Beryl Markham alilelewa Njoro. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, na injini yake ikazimika karibu na pwani ya Kanada kwa kukosa mafuta, barafu ikiwa imeziba matundu ya tangi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndege za BOAC zilitua juu ya maji ya Ziwa Naivasha. Leo shule ya Egerton ni chuo kikuu, tangu 1987, nacho hufundisha shahada ya uhandisi wa ala na udhibiti. Kiswahili pia hufundishwa humo. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi, na kila Julai 7 hufanyika sherehe zenye hotuba, mashairi na fulana.

Badala ya fulana nyingine, idara hizi mbili zingeweza kugawana kazi ya muhula mmoja. Wanafunzi wa uhandisi wachague kidhibiti cha betri ya droni. Wenzao wa Kiswahili waandike masharti yake, hamsini hivi, kila moja kwa kitenzi kimoja cha kulazimisha na nomino zilizogawanywa katika ngeli zisizogongana. Kundi la tatu, ambalo halikushiriki katika kuandika, lipewe sentensi hizo bila maelezo liseme chombo kitafanya nini. Panapotokea majibu mawili kwa sentensi moja, sentensi irudishwe. Kazi hiyo haihitaji karakana ya ndege wala ruhusa ya Nairobi. Yahitaji meza, betri moja, na mwanafunzi wa uhandisi mwenye subira ya kuulizwa kwa mara ya tatu "izimwe" ni ipi.